Salamu za Idd kwa Dada Zangu wa Zamu

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Dada zangu, nimeanza na salamu zote tatu kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuamkiana kwenye korido ya hosteli pale Upanga, Dar es Salaam, enzi zetu za chuo, na kila mmoja aliitikia zote bila kuchagua. Idd Mubarak. Mwezi umeandama jana jioni. Hapa Tanga tumeuona kwa macho, upande wa machweo, juu ya minazi, mwembamba, ukakaa dakika chache tu ukazama. Watoto wakapiga kelele mtaa mzima. Asubuhi tumetoka kuswali, mvua ya kwanza ya masika ikatunyeshea njiani, kanzu za wanangu zina matope hadi magotini na hakuna aliyewakemea. Pilau liko jikoni. Nimejifungia chumbani nusu saa niwaandikie kabla wageni hawajajaa.

Mwaka huu nimefunga huku nikiwawaza sana. Labda ni umri, labda ni kwa sababu binti yangu mkubwa ameanza kusema anataka kusomea udaktari na kila siku ananiuliza ilikuwaje. Namweleza habari za vitabu na mitihani, naona hazimwingii. Kinachomwingia ni habari zenu.

Nimemweleza habari ya Novemba 2003. Tulikuwa tumemaliza miaka mitano ya chuo, tuko katika ule mwaka mmoja wa mafunzo kazini, mwaka ambao mtu anaitwa daktari lakini usingizi wake si mali yake. Ratiba ya zamu ilibandikwa ukutani kwenye wodi ya watoto wachanga, tarehe kwa tarehe. Sasa Idd ina tarehe gani? Aliyefunga hajui kama kesho ni siku ya thelathini au ni sikukuu mpaka usiku uingie na Mufti atangaze. Mpanga ratiba anaandika majina tu, na jina langu liliangukia usiku ule na mchana wa kesho yake.

Muuguzi wa zamu alikuwa na redio ndogo ya betri, mfuniko wake wa nyuma umefungwa kwa bendeji. Nilikuwa nimeinama juu ya mtoto wa kilo moja na robo, aliyezaliwa miezi haijatimia, namtafutia mshipa kwenye mkono ulio mdogo kuliko kidole changu cha gumba. Nikasikia tangazo: mwezi umeandama, kesho ni Idd. Sikuinua kichwa. Machozi yalinilenga, na machozi hayafai mtu anayetafuta mshipa. Nilikuwa nimefunga siku zote zile, mara nyingi nikifuturu kwa tende moja na maji ya bomba kati ya kitanda na kitanda, na sasa sikukuu ingenipita nikiwa mle mle ndani.

Mlango ukafunguliwa. Mwenzetu wa Bukoba akaingia na kanga na ndala, koti jeupe amelivaa juu ya kanga. Hakuwa na zamu. Alikuwa hosteli amekaa na redio tangu magharibi, anasubiri mwezi usio wa kwake. Akaenda moja kwa moja kwenye ile karatasi ukutani, akalikata jina langu kwa mstari mmoja, akaandika la kwake juu yake. Kisha akanawa mikono, akasimama pembeni yangu mpaka sindano ilipoingia mahali pake na damu ikarudi, akasema, “Mtoto nipe mimi. Wewe nenda kwa shangazi yako, kesho ukaswali na wenzio.”

Mwezi mmoja baadaye ilikuwa Krismasi. Hamkuhitaji kuniambia. Nilikwenda na kalamu yangu. Zamu zake zilikuwa sita, kwa sababu kwenda Bukoba na kurudi kwa basi zama zile ilikuwa safari ya kula siku, basi tukagawana watatu: mimi, wa Kilwa, na wa Kondoa. Alirudi na kopo la senene wa kukaanga, mama yake amewachambua mwenyewe, mbawa na miguu vimetolewa mmoja mmoja. Tuliwala tukiwa tumekaa sakafuni, na nikisikia harufu ya senene mpaka leo naikumbuka sakafu ile ilivyokuwa ya baridi.

Kuanzia hapo ikawa desturi yetu. Hatukula kiapo, hatukuandika katiba. Waislamu wanne walishika Krismasi na Pasaka, Wakristo watano wakashika Idd zote mbili. Na kwa kuwa wa Kondoa na wa Ujiji hufuata mwezi wa kimataifa, wakati mwingine waliswali siku moja kabla ya mimi na wa Kilwa, basi Wakristo wetu walibadilisha zamu mara mbili kwa Idd moja. Yule wa Tukuyu, Mmoraviani wa kuzaliwa, alifika mahali akawa anajua habari za mwandamo kuliko jirani zangu wengi.

Shehe aliyetusalisha leo ametukumbusha kwamba neno lenyewe, idi, katika Kiarabu lina asili moja na kurudi. Siku inayorudi. Nimelishika neno hilo. Maana Idd hairudi palepale: kila mwaka inasogea nyuma siku kumi au kumi na moja, inapita kiangazi, inapita vuli, inapita masika. Ile ya 2003 ilitukuta Novemba, senene wakiruka Kagera. Hii imetukuta mlangoni mwa masika. Huchukua kama miaka 33 kuzunguka na kurudi majira yale yale. Nimehesabu kwa vidole: Idd itakaporudi tena kwenye Novemba yetu, wengi wetu tutakuwa tumestaafu au tunakaribia, na wodi ile itakuwa na majina mengine ukutani. Natamani tuwe hai sote tuione.

Tulitawanyika. Ndivyo kazi yetu ilivyo, Serikali inakupanga au ndoa inakupeleka. Lakini zamu hazikuisha, zilihamia kwenye simu. Naomba wa Songea aniruhusu kulisimulia hili, maana mabinti wanaosoma sasa walisikie.

Wa Moshi, daktari wetu wa kina mama, alikuja Tanga kwenye semina akalala kwangu. Saa nane usiku simu yake ikalia. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, simu imewekwa sauti ya nje. Upande wa pili ni wa Songea, peke yake katika hospitali ya wilaya, mama amejifungua salama na sasa damu inatoka haikatiki. Damu ya kumwongezea hakuna. Gari la kumpeleka mkoani lilikuwa limetoka na mgonjwa mwingine. Nilisikia pumzi yake kwenye simu. Wa Moshi hakupandisha sauti hata mara moja. “Mfuko wa uzazi umelegea? Umeusugua? Dawa ya oksitosini umempa? Kondo limetoka lote, umelikagua? Haya. Tafuta katheta. Tafuta kondomu. Na uzi.”

Akamwelekeza neno kwa neno: ivalishe katheta, ule mpira mwembamba wa mkojo, kondomu, ifunge kwa uzi, iingize mpaka kwenye mfuko wa uzazi, kisha uiunganishe na maji ya dripu, yaache yaingie taratibu kondomu ijae ndani na kuibana ile mishipa inayovuja. Mikono yake ilikuwa ikifanya hewani kila anachokisema, vidole vinafunga uzi usiokuwepo. Mimi nilishika taa ya simu yangu, sijui ya nini, maana hapakuwa na giza. “Mia mbili na hamsini. Bado inatoka? Endelea. Mia tatu. Endelea.” Kisha kimya. Kisha wa Songea akasema, “Imekata.” Wa Moshi akamwambia funga katheta sasa, kaa naye, usimwache mpaka kuche. Na yeye mwenyewe hakukata simu. Ilipoadhiniwa alfajiri simu ilikuwa bado iko hewani, imelazwa juu ya mto, na tulisikia upande wa pili kitoto kikilia na mama akikibembeleza kwa Kingoni.

Mbinu ile ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na daktari mwanamke, Sayeba Akhter wa Bangladesh, baada ya kuona kina mama wakimfia mikononi kwa kukosa vifaa vya bei kubwa. Hatujawahi kumwona kwa macho. Lakini mimi namhesabu ni dada yetu, na katika dua zangu za Ramadhani nimemtaja.

Mwenzetu wa Maryland ndiye aliyenifungua macho kwamba sisi si wa kwanza. Mnajua yeye alisomea uuguzi, akaenda Marekani, na kule akapokelewa katika udugu wa wauguzi uitwao Chi Eta Phi. Nilidhani ni chama cha sherehe na sare. Akanieleza kilivyoanza: tarehe 16 Oktoba 1932, pale Freedmen's Hospital, Washington, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1862 kwa ajili ya watu weusi waliokuwa wakitoka utumwani. Wauguzi kumi na wawili, wanawake weusi, wakiongozwa na Aliene Carrington Ewell, walikaa pamoja wakaunda kitu chao. Zama zile, katika majimbo ya Kusini, muuguzi mweusi alifungiwa mlango hata kwenye vyama vya wauguzi wenzake. Huwezi kwenda kwa wenzio wa kazi, basi unatafuta dada. Nao huitana hivyo hasa, “soror”, neno la Kilatini la dada, na ukishapokelewa umepokelewa mpaka uzeeni. Mwanafunzi na bibi aliyestaafu wanakaa meza moja.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya kaburi. Mary Eliza Mahoney alihitimu uuguzi Boston mwaka 1879, mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuhitimu mafunzo rasmi ya kazi hiyo. Alifariki mwaka 1926. Mwaka 1973, miaka 47 baada ya mazishi yake, dada wa Chi Eta Phi pamoja na Chama cha Wauguzi cha Marekani walimwekea jiwe la kumbukumbu juu ya kaburi lake kule Everett, Massachusetts. Udugu wao ulizaliwa yeye ameshafariki miaka sita. Bado walimhesabu wao, wakaenda kumtengenezea kaburi.

Na sisi hapa nyumbani tulikuta njia imeshalimwa. Tulipoingia chuo cha Muhimbili mwaka 1998, Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, kilikuwa na umri wa miaka 11 tayari. Profesa Esther Mwaikambo, daktari mwanamke wa kwanza wa Kitanzania, aliyekwenda kusoma mbali katika Umoja wa Kisovieti na kurudi nyumbani mwaka 1969, ndiye aliyewakusanya wenzake mwaka 1987 wakakianzisha. Mnakumbuka tulivyokwenda kusaidia siku za kupima saratani ya matiti? Foleni ya kina mama kuanzia alfajiri, wengine wametoka mbali na vitoto mgongoni. Na wa Kilwa amesimama mbele yao na kanga yake, anawaonyesha namna ya kujikagua, anawachekesha mpaka aibu inawatoka.

Nisingeweza kuandika salamu za Idd bila kumfikia yeye.

Alipougua, ugonjwa ule ule aliokuwa akiwafundisha wengine, alitibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani, kisha akataka kukaa nyumbani kwake Dar es Salaam na mama yake. Tulikuwa wanane waliobaki, kila mtu na kazi yake, mkoa wake, watoto wake. Wa Bukoba akafika wa kwanza. Akachukua karatasi, akapiga mistari, akabandika ratiba ya zamu ukutani karibu na kitanda. Majina manane. Mgonjwa wetu aliiangalia ile karatasi muda mrefu, akaniambia, “Mmenirudisha wodini.” Akacheka. Kisha akaomba kalamu. Alitaka kulikata jina la wa Ujiji siku moja, kwa sababu alikumbuka mtoto wake ana mtihani.

Wa Maryland hakuweza kusafiri wakati ule. Alichukua zamu ya saa tisa usiku, saa ambayo maumivu hukaza na walio chumbani wamechoka. Saa tisa usiku ya Dar es Salaam kwake ni jioni, ametoka kazini, hajala. Tuliiegemeza simu kwenye glasi ya maji, naye alikaa upande wa pili wa dunia akimsomea, akimwimbia tenzi za Kianglikana za Dodoma, na Mwislamu wetu akimwitikia kwa sauti iliyokwisha. Usiku kwa usiku, wiki saba. Muuguzi aliyekuwa akija kumchoma sindano ya maumivu alituuliza sisi ni ndugu wa baba mmoja au mama mmoja. Mama yake akajibu kabla yetu: “Wote wangu.”

Leo baada ya swala watu wamekwenda makaburini kama kawaida ya siku hii. Kilwa ni mbali na Tanga, lakini mama yetu yule amenipigia simu akiwa pale pale, akaishusha simu chini nisome Fatiha. Nimesoma kwa niaba yenu wote. Najua wa Tukuyu na wa Bukoba huwa mnamwombea kwa namna yenu kila mnapoingia kanisani; mama anajua, na anashukuru.

Stetoskopu yake, ile ya bluu, mnakumbuka mama alitukabidhi tukimaliza arobaini. Sasa iko na binti wa tatu kati ya wale wanaosoma. Kila anayehitimu anaipangusa kwa spiriti, anaifunga kwenye kitambaa kile kile cha kanga ya wa Kilwa, anaipeleka mwenyewe kwa anayeingia. Binti wa mwaka huu anatoka Newala, baba yake ni mkulima wa korosho, na aliponiandikia kushukuru hakuandika habari za chombo. Aliandika kwamba siku ya kwanza ya Ramadhani alikuta jina lake limekatwa kwenye zamu ya jioni ili akafuturu, na aliyelikata ni msichana wa Kikristo wa mwaka wa juu yake. Niliisoma barua ile nikakaa chini. Hatukuwafundisha hilo. Au tuliwafundisha, sijui lini.

Sasa, siku ya Idd ni siku ya kuombana radhi, nami nina la kuomba. Wa Songea, baba yako alipofariki nilikwambia nimebanwa na kazi. Sikubanwa. Nilikuwa nimechoka, na niliona safari ni ndefu. Umenijia mara ngapi wewe, na safari ni ile ile? Nimeibeba hii miaka minne. Naomba radhi mbele ya dada zetu, na In shaa Allah mwezi ujao nitakuja kukaa na mama siku tatu, nimeshaomba likizo.

Na nyinyi wawili ambao hamsemeshani tangu ule mchango, siwataji, mnajijua. Fedha ile ilikwisha siku nyingi, tumeshainunulia magodoro ya mabinti na wanayalalia. Mmoja wenu anyanyue simu leo kabla jua halijazama. Nani aanze? Aliye mkubwa kwa umri aanze. Kama anaona uzito, anipigie mimi, niwaunganishe, kisha mimi nitatoka niwaache.

Wa Maryland, Idd kwako itapambazuka wakati kwetu ni mchana. Kaimati nimekukaangia, picha nitakutumia, na zangu halisi zinakuja na mtu anayesafiri wiki ijayo, pamoja na kanga na pilipili manga. Wa Kondoa na wa Ujiji, kama mwaka huu mmetutangulia tena, basi mkono wa Idd wa wanangu wanasema mnadaiwa siku mbili. Wa Moshi, mama wa usiku ule alijifungua tena, mtoto wa kike. Wa Songea ananiambia amepewa jina lako. Wa Tukuyu, najua uko kazini leo kwa ajili ya yule daktari kijana wa Kipemba. Mungu akuzidishie.

Wageni wameanza kubisha hodi. La mwisho ni hili: ratiba ya Desemba hapa kwetu itabandikwa mwezi wa kumi na moja, nami nimeshamwambia mpanga ratiba aandike jina langu mkesha wa Krismasi na Krismasi yenyewe. Daktari kijana tuliyeletewa mwaka huu ni Mhaya, mama yake yuko Bukoba peke yake. Dada yangu wa Bukoba, mwambie mama yake akate tiketi ya kumpokelea mwanawe stendi. Na senene msinisahau.

Idd Mubarak, dada zangu. Nimefungua mlango.